Miaka 28 tangu nipate kipaimara, mbona kama narudi nyuma? Naombeni ushauri

Mkulima_Kusini:
Wakuu Tumsifu Yesu Kristo, na wale wa Bwana asifiwe nanyi pia. Mimi Mwanglikana wa huku Masasi, nina miaka 44, kipaimara nilipata nikiwa na 16. Sekondari nilikuwa mtu wa UKWATA (umoja wa wanafunzi Wakristo) haswa, mkesha sikosi, Biblia imechakaa mpaka jalada nimeshonea uzi. Siku hizi kanisani naenda ila mahubiri yakianza tu akili inakimbilia kwenye salfa ya mikorosho na bei ya mnada.

Kilichonileta hapa ni hiki. Juzi tumepeleka korosho AMCOS, chama chetu cha ushirika, gunia nimepima nyumbani kilo 80, mzani wao unasoma 78. Nikamporomoshea karani matusi, mpaka mama yake nikamtaja, foleni nzima inasikia. Na dogo wangu wa miaka 15 yupo pale kashika mdomo wa gunia, kipaimara chenyewe kapata mwezi wa tisa tu. Tumerudi na pikipiki kimyaaa, tunakaribia nyumbani ananiuliza "baba, hivi wewe kipaimara ulipata lini?" Nikajifanya upepo umenizuia kusikia.

Sasa mtu anakua kiroho au anazeeka tu? Kuna jamaa anasema nihamie kwao nikabatizwe upya, nianze moja.

dogo_wa_Newala:
Pole mkuu. Ila zile kilo 2 zilirudi? 😂

Lindi_Moto:
Hama bro, hapo ulipo moto ulishazima zamani.

MamaNdanda:
Lindi_Moto acha hizo. Mimi Mkatoliki, nimekulia jirani na abasia ya Ndanda, ile nyumba ya watawa, Wabenediktini wako pale tangu 1906. Wale wakiweka nadhiri wanaahidi utii, kudumu na jumuiya yao hiyohiyo, na kugeuza mwenendo mpaka kufa. Yaani mtu keshakuwa mtawa, kanzu kavaa, bado anaahidi kuongoka, tena akiwa na walewale wanaomkera mezani kila siku. Wewe baba ukihama kanisa si utahama na huo mdomo wako?

Lindi_Moto:
Haya mama, nimekusikia. Ila mahubiri ya kusinzia nayo yanachangia bana.

Katekista_Mstaafu:
Mwanangu, shikamoo za foleni hukuzipata siku hiyo, pole. Nakuambia kama mzee wako. Ule moto wa mkesha usiuhesabu wote kuwa ni Roho, mwingine ulikuwa ujana tu, hata ngoma ungekesha. Paulo anawaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, kahubiri miaka na miaka, na bado anawaambia hajafika, anakaza mwendo. Kalebu ana miaka 85 ndo anaomba apewe nchi ya milima yenye Waanaki, yale majitu. Kwahiyo 44 ni mtoto kwangu.

Halafu we mkulima unajua, mkorosho usipopogolewa unakuwa mti mkubwa wa kivuli, mbuzi wanalala chini, korosho unaziona huko nje kwenye ncha, ndani matawi matupu. Sasa wewe umefikiwa na panga, na tawi lenyewe ni mdomo. Nenda kwa yule karani, uende foleni ikiwepo maana ulimtukana foleni ikiwepo, na dogo awepo. Kilo zako dai kwa viongozi wa chama, ni haki yako, kuomba radhi hakufuti deni. Jioni someni sura moja na kijana wako, ila usijifanye mwalimu, kaa usome kama yeye.

dogo_wa_Newala:
Mzee kamaliza. Mrejesho tafadhali

Mkulima_Kusini:
Mrejesho wakuu. Nimeenda leo, karani kuniona tu akarudi nyuma ya mzani, alidhani nimekuja kumalizia. Nimeomba radhi, sauti inatetemeka kama nasoma somo la kwanza, watu wengine wanacheka. Akasema "yaishe mzee", basi. Mzani bado unasoma pungufu, barua tumeandika wakulima saba. Njiani dogo hajauliza kitu, ila jioni kaja na Biblia anasema tuanze na Marko, ndo fupi.