Tupeane uzoefu: vita au kauli ya kiongozi ilivyokugusa kwenye bei ya mafuta

Wakuu habari za muda huu. Kila vita ikianza mahali utasikia "mafuta yanapanda hayo, nunua", na mimi nilikuwa mmoja wao mpaka niliponyooshwa. Septemba 2019 drone na makombora zilipiga mitambo ya Abqaiq na Khurais kule Saudia, mapipa milioni 5.7 kwa siku yakakatika ghafla, hiyo ni kama asilimia 5 ya mafuta ya dunia nzima. Ilikuwa Jumamosi, soko limefungwa, wikiendi yote sikulala nahesabu hela ambazo sina. Jumatatu soko linafunguka Brent, yaani mafuta ghafi ambayo bei yake ndo kipimo cha dunia, imeruka toka dola 60 na kitu kwa pipa mpaka karibu 72, na mimi nikaingia hukohuko juu na akaunti yote, kikomo cha hasara sikuweka. Jumanne waziri wa nishati wa Saudia akajitokeza akasema uzalishaji utarudi kabla mwezi haujaisha. Basi. Mtu mmoja kaongea, akaunti yangu imekwenda. Wiki mbili baadae bei ilikuwa karibu palepale ilipotokea.

Haya mwageni na yenu, faida na hasara zote ruksa.

roli_tatu:
Mie sitredi chochote, nasafirisha mizigo, nilikuwa na maroli matatu. Januari 2022 nikasaini mkataba wa mwaka mzima, bei moja kwa kila safari, nikajua nimeula. Habari zilikuwa zinasema majeshi ya Urusi yamejaa mpakani mwa Ukraine ila nikasema hawa wakubwa wanatishiana tu kama kawaida yao. 24 Februari wakaingia kweli. Brent ikavuka 100 siku ileile na mwanzoni mwa Machi ikagusa 139, na dizeli ndo ikawa mbaya zaidi maana Ulaya walikuwa wanachukua dizeli nyingi sana toka Urusi, sasa wote wakawa wanaitafuta kwingine kwa pamoja. Ikawa kila safari ikiisha naongezea hela ya mfukoni, nikimpigia mwenye mzigo ananiambia soma mkataba. Nikauza roli moja ili mawili yaendelee kutembea.

Kilichoniuma zaidi ni mwisho wa Machi, Biden katangaza anatoa mapipa milioni 1 kila siku toka akiba ya Marekani kwa miezi 6, nikaona bei ya mafuta ghafi imeshuka nikafurahi nikaenda kujaza, bei ya pampu ileile! Nauliza naambiwa hii shehena ilinunuliwa kwa bei ya juu. Sawa, mbona ilipokuwa inapanda shehena ya bei ya chini hamkuikumbuka??

mpita_njia:
Pole mkuu. Mafuta yanapanda kwa ndege yanashuka kwa miguu.

nahodha_mdogo:
Mimi baharia. Juni 2025 Israel walipoanza kuipiga Iran tulikuwa tunasubiri kupita Hormuz, mlango mwembamba wa bahari pale Iran ambao karibu moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani yalikuwa yanapitia hapo. GPS ilikuwa inatuonyesha tuko nchi kavu, sikutanii, meli iko jangwani. Bima ya vita ikapandishwa, na hiyo gharama mjue haimezwi na mwenye meli, inamfuata mnunuzi mpaka mwisho. Sasa tarehe 23 Iran wakarusha makombora kwenye kambi ya Marekani Qatar, melini wote tukasema leo bei inapasua paa. Ikashuka kama asilimia 7! Wenye akili walishaona hakuna kisima wala meli iliyoguswa, kwahiyo ni kisasi cha kulinda heshima, hawafungi mlango. Sisi tuliokuwa pale ndo hatukuona.

mzee_wa_manunuzi:
Hiyo sio mpya vijana. Saddam wa Iraq aliingia Kuwait 2 Agosti 1990, mpaka Oktoba pipa lilishapita dola 40. Nilikuwa kitengo cha manunuzi kiwandani. Umoja wa Mataifa wakampa mpaka 15 Januari 1991 awe ametoka, bosi akaamuru tujaze matangi yote na mengine tukakodi. Usiku wa kuamkia tarehe 17 mabomu yakaanza, na ndani ya siku moja bei ikaporomoka karibu theluthi nzima. Watu walikuwa wanalipia hofu ya visima vya Saudia kulipuliwa, vilipobaki salama na Marekani ikasema inafungulia akiba, hofu ikatoka kwenye bei. Sisi tukabaki na matangi ya kukodi yamejaa mafuta ya bei ya hofu. Bosi hakunisemesha wiki nzima, utadhani mimi ndo niliivamia Kuwait.

mbishi_wa_kudumu:
Mnawapa hawa viongozi ukubwa ambao hawana. Machi 2020 Saudia na Urusi waligombana wakafungulia mabomba, sawa, bei ikaanguka. Aprili wakapatana, wakakubali kupunguza mapipa milioni 9.7 kwa siku na Trump akapiga kelele zake zote. Haijapita hata wiki mbili WTI, mafuta ghafi ya Marekani, ikafunga dola 37.63 CHINI YA SIFURI. Watu wako ndani kwa korona, magari yamelala, matangi yanajaa, hapo rais ataongea nini? Kauli inafanya kazi siku mnunuzi yupo.

mleta uzi:
Nakubali nusu, ila mimi ile ya Jumanne nimeilipia kwa hela halisi bwana.

Mkuu wa maroli, siku hizi mkataba unaandikaje?

roli_tatu:
Naweka kifungu, dizeli ikisogea zaidi ya asilimia 5 toka siku ya kusaini, juu au chini, bei ya safari inasogea nayo. Wateja wawili walikataa wakaondoka. Wa tatu akaomba iwe 10, tukavutana tukakutana 7.