Wembe wa babu wa kukunja: niubadilishe kwanza au ninyolee ulivyo?

Kijana wa Kizota
Wakuu habari za majukumu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu. Babu yangu mzaa baba alifanya kazi Kongwa enzi za ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, na mzungu mmoja alipokuwa anaondoka akamwachia wembe wa kukunja, zile za kizamani za kunoa kwenye ngozi. Bibi kanipa juzi nilipoenda kumsalimia, ulikuwa kwenye sanduku umeviringishwa kitambaa. Umeandikwa Sheffield England, chuma kina madoa meusi na kutu kidogo pale kwenye bawaba, makali sioni pengo, ila ncha ya mbele ni ya mraba na kona yake ni kali kweli, ukigusa tu inachoma. Mpini ni wa rangi ya maziwa una mistari mistari, umepasuka upande mmoja.

Sasa kuna fundi hapa Majengo anatengeneza visu na mapanga, kasema nimwachie siku moja aupitishe grainda ung'ae, aikate ile kona iwe mviringo na aweke mpini mpya wa mpingo. Mi nataka kunyolea ndevu zangu, sio pambo la kabatini. Je nimwachie afanye vyote au nianze kunyolea ulivyo? Natanguliza shukrani.

Mnoaji
Mkuu, grainda usiruhusu kabisa. Chuma cha hizo nyembe kilichomwa kikapozwa ghafla, halafu kikapashwa tena kwa moto mdogo wa kama nyuzi 200, hapo ndo kikapata ugumu wa kushika makali bila kukatika ovyo. Sasa huku kwenye makali ni kembamba mno, sekunde mbili za grainda zinatosha kupita huo moto, ukiona pameingia rangi ya bluu ujue hapo chuma kimeshalainika, utanoa leo kesho butu, na hakuna msasa wa kurudisha hiyo kitu.

Halafu kuna mgongo. Ukinoa wembe unaulaza kabisa juu ya jiwe, mgongo na makali vyote vinagusa, kwa hiyo unene wa mgongo ndio unaopanga pembe ya makali, nyingi zinakuwa nyuzi 16 mpaka 18 hivi. Fundi akiula mgongo ili apate kung'aa, pembe imeharibika, na fundi wa mapanga halijui hilo kwa sababu panga halinolewi hivyo.

Kutu toa kwa mkono, mafuta ya cherehani na msasa wa maji namba 1000, umalizie 2000, sugua taratibu kwa urefu wa bapa na vidole vikae upande wa mgongo. Madoa meusi yaache, hayanyoi wala hayazuii kunyoa. Cha kuangalia ni kama kuna vishimo vya kutu vimefika kwenye makali yenyewe, hapo makali yatakuwa yanameguka mpaka unoe uvipite. Ukimaliza hapo, noa kwenye jiwe laini namba 8000, halafu ngozi, na kwenye ngozi mgongo ndo unatangulia. Nyolea kwanza ndo uamue kama kuna cha kubadilisha.

Kinyozi Nkuhungu
Nakubaliana na Mnoaji kasoro kwenye kona. Huyu ndo anaanza, na kona ya mraba inamkata mtu chini ya pua na pembeni ya sikio pale unapogeuza mkono, tena unakuta damu hata hujasikia maumivu. Mi ningeiondoa kabla ya kunyoa mara ya kwanza, ila sio kwa mashine. Jiwe la 1000, maji, simamisha ncha uiguse jiwe mara chache huku unazungusha kidogo, basi, unatoa ule mchomo tu, ukitazama kwa mbali wembe bado ni wa mraba.

Na jambo moja naomba ulichukulie kwa uzito, huo wembe uwe wako peke yako. Usimnyoe mdogo wako wala rafiki. Ukimwi na homa ya ini vinapita kwenye damu usiyoiona, ndo maana saluni tunatumia kile kishikio cha kuweka nusu ya wembe mpya na kila mteja tunatupa. Kabla hujaanza uchemshe kwanza.

Mtani wa Mpwapwa
Mbukwenyi wakuu. Msichemshe! Kwanza tujue mpini ni wa nini. Mkuu, hiyo mistari iko sawasawa yote imenyooka, au ukitazama pale mwisho mpini ulipokatwa inakatizana? Ikikatizana inaweza kuwa pembe ya ndovu, na hapo ni habari nyingine, maana biashara ya pembe kimataifa ilipigwa marufuku 1989 na hapa nchini kukutwa na nyara za serikali bila kibali ni kesi, kaulizie maliasili kabla hata ya kumpa fundi. Pembe nyingi zilipita hapa hapa Ugogo kwenda Bagamoyo, misafara ikitoa hongo kwa watemi ili ipate maji na njia, na viwanda vya Sheffield vilikuwa vikitumia pembe kutengenezea mipini.

Ila kama imenyooka na ina nafasi sawa, hiyo ni seluloidi, plastiki ya kizamani, iliyotengenezwa ifanane na pembe. Isugue kwa kidole gumba mpaka ipate joto, ukisikia harufu ya kafuri umepata jibu. Seluloidi kwenye maji ya moto inajikunja, na ikizeeka inatoa mvuke wenye asidi unaokula chuma, kwa hiyo hiyo kutu ya kwenye bawaba inaweza kuwa imetoka kwenye mpini wenyewe.

Na hilo neno England, mara nyingi linaonyesha wembe ni wa baada ya 1890, sheria ya Marekani ya mwaka ule ilitaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka.

Kijana wa Kizota
Imenyooka, na nimesugua, kafuri kabisa! Kwa hiyo mpini nibadilishe?

Mnoaji
Badilisha, hapo fundi wako yuko sahihi na mpingo ni mti mzuri kwa hiyo kazi, mwambie tu auchonge mwembamba maana ni mzito, wembe ukielemea nyuma unasumbua mkono. Zile pini atoboe kwa drili taratibu, asigonge nyundo bapa likiwa ndani. Na seluloidi inashika moto haraka sana, kwa hiyo angeanza na grainda cheche zingeangukia humo humo. Mpini wa zamani hifadhi mbali na wembe.

Kinyozi Nkuhungu
Bapa likishatoka peke yake sasa ndo chemsha, ulifute likauke na upake mafuta. Kama unatumia maji ya kisima povu litakusumbua, yana chumvi, tumia ya mvua au ya kununua. Na kila ukimaliza kunyoa ukaushe mpaka kwenye bawaba, usikunje ukiwa na maji.