Nilisaini mahudhurio tu, wao wameandika nimeridhia bomba la gesi

Wakuu, leo nina hasira na asije mtu kuniambia nipunguze makali.

Tuliitwa mkutano wa kutoa maoni kuhusu bomba la gesi asilia wanalotaka kulipitisha huku kwetu. Tangazo limebandikwa siku 4 kabla, mkutano wenyewe siku ya kazi asubuhi, halafu ripoti ya tathmini ya mazingira ni kurasa zaidi ya 600 za lugha ya mainjinia, hivi nani anaimaliza hiyo kwa siku 4 na akaielewa? Mimi nilijikongoja mpaka ukurasa wa themanini na kitu macho yakagoma.

Ila kilichonichefua ni vigingi. Wiki mbili KABLA ya huo mkutano jamaa walishapita na kopo la rangi nyekundu wakapigilia vigingi kwenye mashamba ya watu, kimoja kiko hatua 40 kutoka ukuta wa chumba wanacholala wanangu, nimezihesabu mwenyewe. Sasa maoni ya nini na njia mshaichora?

Nikapewa maiki, dakika 3. Nikauliza presha itakuwa kiasi gani, vali za kufungia gesi zitaachana umbali gani, na zinajifunga zenyewe au mpaka fundi atoke huko aliko aje azungushe kwa mkono? Sikukurupuka. San Bruno kule California, tarehe 9 Septemba 2010, bomba lililofukiwa tangu 1956 lilipasuka jioni watu wako majumbani, wakafa 8 na nyumba 38 zikateketea, na gesi iliendelea kulisha moto kama saa moja na nusu kwa sababu vali zilikuwa za kufungwa kwa mkono! Ghislenghien kule Ubelgiji, 2004, walikufa 24, wakiwemo zimamoto walioitwa kuja kuangalia uvujaji.

Jibu nililopata: "swali zuri, limepokelewa". Maiki ikaondoka.

Mama mmoja nyuma yangu akauliza tutajuaje kama linavuja, akaambiwa "mtasikia harufu". Wakuu, gesi asilia haina harufu! Ile ya yai viza ni dawa inatiwa, na kwenye mabomba makubwa ya kusafirishia mara nyingi haitiwi kabisa. Ama mtaalamu hajui kazi yake ama alituona mazuzu, chagueni wenyewe.

Sasa juzi imetoka taarifa ya mkutano. Maswali yetu hayamo, hata moja. Kilichomo ni sentensi kwamba wananchi walishirikishwa na kuridhia mradi, na kiambatisho cha kuthibitisha ni ile karatasi ya mahudhurio tuliyosainishwa mlangoni kabla hatujakaa! Mimi ni namba 37, sahihi yangu ile pale. Juu ya karatasi iliandikwa MAHUDHURIO, kwenye kiambatisho hicho kichwa cha habari kimekatwa, yamebaki majina matupu.

Nimeandika barua kuikana hiyo ridhaa, nimeipeleka kwa mkono, karani anasema ataipokea ila mhuri wa kupokelea umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo kasafiri. Nimekataa kuiacha bila mhuri. Dirisha la maoni linafungwa Ijumaa.

Aliyewahi kufuta sahihi yake kwenye makaratasi kama haya anipe utaratibu, na mwenye picha ya ile karatasi ikiwa nzima, na kichwa chake, aje pm haraka.