Mjadala: Kubebana bwenini kukomeshwe ili magonjwa yasisambae?

Kaka Mkuu Mstaafu
Wakuu, tangazo limebandikwa hapa chuoni la kukomesha kubebana, yaani asiye na kitanda kulala kwenye kitanda cha mwenzake. Kuanzia Jumatatu usiku unapita msako bwenini: anayebebwa anatoka, aliyembeba anapoteza kitanda. Sababu ni hawa wenzetu wanaoharisha tangu wiki iliyopita. Mimi naunga mkono. Chumba cha wanne wanalala wanane, wawili wawili kwenye deka, yaani vitanda vya ghorofa, dirisha limefungwa kwa kuogopa mbu. Akikohoa mmoja mwenye TB hapo, nani anapona? Macho mekundu ya Januari 2024 mliyaona yalivyopita chumba kwa chumba. Na tusifichane, wanaochafua vyoo ni hao hao wanaobebwa, maana majina yao hayamo kwenye zamu ya usafi.

Nabebwa Sina Kosa
Umeongea vizuri ukaharibu mwisho. Mimi nabebwa, mwaka wa pili huu. Choo cha ghorofa yetu nakipiga deki kila Jumamosi kwa sababu namwonea haya aliyenipa nusu ya godoro lake. Wenye majina kwenye zamu wamelala. Futa hiyo kauli kwanza.

Deka ya Juu
Kwani lazima iwe bwenini? Mbona hamsemi wale mama ntilie wa getini? Sahani zote zinaoshwa kwenye ndoo moja, maji yameshageuka mchuzi. Waondolewe hao kwanza.

Tabibu wa Kesho
Jamani, magonjwa haya hayasambai kwa njia moja. TB inakwenda kwa hewa, kwa hiyo kwenye msongamano na madirisha Kaka Mkuu yuko sahihi. Macho mekundu yanasambazwa na mikono, taulo na mito. Kuharisha ni maji, chakula na choo. Mfukuze anayebebwa leo, bomba libaki kavu, kesho wenye vitanda wataharisha vilevile. Na ikiwa ni kipindupindu, wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote, lakini vimelea wanaendelea kuvitoa chooni kwa siku kadhaa. Msako utamtambuaje mtu huyo? Hivyo vitakasa mikono vilivyowekwa mlangoni havitoshi, inatakiwa sabuni na maji yanayotiririka.
Lakini kubwa kwangu ni testi. Ukiumwa ukakosa testi, unazungushwa na karatasi ya daktari ofisi hadi ofisi. Mtu anaona heri aingie na homa yake ukumbini, akae katikati ya wenzake mia tatu. Mgonjwa apewe nafasi ya kurudia testi bila usumbufu, muone watu watakavyojitokeza dispensari.

Kaka Mkuu Mstaafu
Sifuti. Bodi ya Mikopo inawapa 10,000 kwa siku ya chakula na malazi. Sisi tulipewa 8,500 na tukapanga mtaani. Siku hizi boom, hiyo hela ya mkopo, ikiingia ni simu mpya, kulala kwa kubebwa.

Nabebwa Sina Kosa
Nani kakwambia nina mkopo? Niliomba mara mbili nikakosa. Ada yangu ni mbaazi za mama. Hosteli za Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) zilifunguliwa 2017 zikachukua watu 3,840, mkadhani nchi nzima imepata vitanda. Chumba mtaani kinataka kodi ya miezi sita mkononi, utanilipia wewe?

Mtoto wa Mama Lishe
Deka ya Juu, nimekusoma na mikono inatetemeka. Mama yangu anapika getini, na wali wake ndio ulionifikisha hapa. Yule mama ananunua maji kwa dumu wakati bomba la chuo liko hatua chache tu na limefungwa kufuli. Mnataka aoshe kila sahani kwa maji mapya ya kununua, halafu mumlipe wali maharage bei ile ile? Akiondolewa yeye, wasiomudu kantini watakula wapi?

Deka ya Juu
Sijamtaja mama yako. Nimesema ndoo.

Mtoto wa Mama Lishe
Ndoo haijiendeshi yenyewe. Umemtaja.

Mwalimu Tabora
Wadogo zangu, msifikie kuomba chuo kifungwe. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa ajili ya korona tukarudi Juni 1. Tulitoka wote kwa wakati mmoja, stendi imefurika, basi limejaa hadi kwenye ngazi. Kama kulikuwa na ugonjwa, tuliupeleka wenyewe kwa bibi zetu mikoani.

Kaka Mkuu Mstaafu
Mwalimu, hakuna aliyesema chuo kifungwe.

Mwalimu Tabora
Utakaowatoa Jumatatu usiku watalala wapi? Stendi. Kisha basi. Ni kile kile.

Nabebwa Sina Kosa
Tabibu, wewe ndiye unayeongea kama mtu hapa. Tumbo linakata tangu jana mchana, na Jumatatu saa 2 asubuhi nina testi. Bima ya 50,400 sikulipa. Dispensari watanipokea?

Tabibu wa Kesho
Nenda sasa hivi, usisubiri Jumatatu. Ukiharisha majimaji mfululizo usihangaike na kadi ya bima, waambie hivyo hivyo mlangoni. Kwa sasa chukua ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, paketi nzima kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa, unywe kidogo kidogo kila unapotoka chooni. Usinywe dawa ya kufunga tumbo. Unayelala naye mwambie.

Kaka Mkuu Mstaafu
Mnaona? Hicho ndicho ninachokisema. Analala na mtu kitanda kimoja na anaumwa.

Tabibu wa Kesho
Kaka, ameumwa tangu jana, na ameuliza hapa kabla ya kwenda dispensari kwa sababu anaogopa kadi, testi na msako wako. Tangazo lenu limeandika kitu gani kuhusu maji?

Deka ya Juu
Nimerudi kulisoma. Halina neno maji.

Mtoto wa Mama Lishe
Na lile kufuli la bomba la getini, funguo anazo nani?