London hadi Amsterdam: tiketi inasema saa mbili na ushee, simu inasema dakika 50

MamaNuru:
Habari za humu jamani. Nisaidieni nisije nikaumbuka uwanjani. Ijumaa naenda Amsterdam, mdogo wangu kajifungua. Tiketi inasema natoka Heathrow 10:00, nafika Schiphol 12:20. Kwa hesabu zangu hizo ni saa mbili na dakika ishirini. Mwanangu kapima kwenye simu, anasema ni kilomita 370 tu na ndege haikai angani hata saa nzima. Sasa hiyo ndege inapita wapi? Nimeshakaanga sambusa za nyama, sitaki zilale njiani.

Kibara:
Dada, hongereni kwa mtoto. Haipiti popote. Uholanzi iko mbele ya Uingereza kwa saa moja, na tiketi huandika saa ya mahali unapotua. Safari yako ni saa moja na dakika ishirini, tena wanahesabu geti kwa geti. Angani ni kama hizo dakika 50, zilizobaki ni foleni ya kuruka na kutembea chini. Nimeishi huko miaka sita: ndege ikitua kwenye Polderbaan, ile njia waliyoifungua 2003, inatembea kwa magurudumu robo saa nzima, mpaka unavuka barabara kuu na kuona malori yanapita chini yako. Mara ya kwanza nilidhani tunaendeshwa hadi mjini!

Wakati wa kurudi ndiyo utacheka. Utaondoka saa nane, tiketi iseme umefika saa nane na dakika ishirini.

Mtoro_wa_Tanga:
Kibara kasema kweli, ila kurudi huchelewa kidogo, upepo mwingi huko hutoka magharibi. Na Heathrow wakibanwa mnazungushwa angani kusubiri zamu. Mimi siku hizi napanda treni St Pancras, baada ya saa nne hivi nashukia Amsterdam Centraal kwenyewe. Ukijumlisha kuwahi uwanjani saa mbili kabla na foleni ya pasipoti, tofauti si kubwa.

Halafu sambusa za nyama acha, dada. Tangu 2021 nyama na maziwa kutoka Uingereza haviingii Umoja wa Ulaya. Januari ile forodha wa Uholanzi walionekana kwenye televisheni wakimnyang'anya dereva wa lori mkate wake wenye nyama.

Kibara:
Na kama bado una pasipoti ya nyumbani, viza ya Schengen uwe nayo. Kibali cha kuishi Uingereza hakikuvushi.

MamaNuru:
Viza ninayo, asanteni sana wadogo zangu. Kumbe saa tu! Shemeji nilimwambia anisubiri stesheni ya Centraal saa sita na nusu.

Kibara:
Mwambie saa saba na nusu. Foleni ya pasipoti, begi, halafu treni ya robo saa kutoka Schiphol.

MamaNuru:
Nampigia sasa hivi. Sambusa wanangu wameshaanza kuzishambulia, nabadilisha naweka za dengu.