Gamondi kukaimu Taifa Stars: tumpime kwa lipi?

MwishoWaReli (Kigoma), Novemba 2025

Wakuu, salaam. TFF imeachana na Hemed Suleiman "Morocco" na timu amekabidhiwa Miguel Gamondi kama kaimu, huku akiendelea kuinoa Singida Black Stars. AFCON inaanza 21 Desemba kule Morocco, na sisi tuko Kundi C pamoja na Nigeria, Tunisia na Uganda.

Hapa Mwanga ubishi hauishi. Wa Yanga wanasema huyu ndiye aliyewapa ubingwa wa 2023/24 na kuwafikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, basi yamekwisha. Wa Simba wanasema Uyanga umehamia timu ya taifa. Wengine wanauliza aliyetufuzisha kwa kuifunga Guinea 1-0 anaondolewaje mwezi mmoja na ushee kabla ya mashindano.

Hoja zote nimezisikia, ila hazinisaidii. Nataka wanaoijua kazi ya benchi la ufundi waniambie: kocha anayepewa timu Novemba anaweza kubadilisha nini hasa kabla ya 23 Desemba tutakapocheza na Nigeria? Kofia mbili, ya klabu na ya taifa, zina madhara gani ya kweli? Na sisi wa kwenye mabanda ya kuonyeshea mpira tuangalie nini uwanjani, tusije tukamhukumu kwa ubao wa magoli peke yake?

Usimba na Uyanga tuuache nje ya uzi huu, tafadhali.

Nyuki_Kanyenye (Tabora)

Mwangaluka, ndugu zangu wa Kigoma. Nianze na muda, maana ndiko watu wanakojidanganya.

Dirisha la FIFA, yaani siku ambazo klabu lazima ziwaachie wachezaji waende timu za taifa, kwa Novemba ni tarehe 10 hadi 18. Kwenye karatasi ni siku tisa. Sasa toa safari. Samatta yuko Le Havre, Novatus Miroshi yuko Göztepe ya Uturuki, Kelvin John yuko Aalborg ya Denmark. Klabu zikicheza Jumapili, hawa wanapanda ndege Jumatatu na kufika usiku au Jumanne. Aliyecheza dakika 90 anahitaji saa 48 hadi 72 ndipo umpe mbio za kasi. Ukimlazimisha kabla ya hapo, msuli wa nyuma ya paja unaweza kuchanika na umempoteza kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo Jumanne kwao ni baiskeli, kunyoosha viungo na masaji. Timu nzima inakutana Jumatano. Mechi ikiwa Ijumaa, Alhamisi haina kazi nzito: dakika 45 hadi 60, kona, faulo, halafu hotelini. Zoezi la nguvu na kikosi kizima linabaki moja. Moja!

Baada ya mechi, waliocheza wanapumzishwa na waliokaa benchi wanakimbizwa. Ukihesabu mpaka dirisha lifungwe, unapata mazoezi mawili au matatu ya kufundisha kitu kipya. Huwezi kujenga mfumo hapo. Unaweza kufanya mambo matatu: kupanga ulinzi na mashambulizi ya mipira iliyokufa (kona na faulo), kukubaliana ni wakati gani timu inapanda kukaba na wakati gani inarudi, na kuchagua nani anacheza na nani. La tatu ndilo lenye faida kubwa kwa gharama ndogo, kwa sababu mabeki wa kati wawili wanaocheza pamoja klabuni tayari wanaelewana. Kocha mwenye haraka huchukua jozi zilizo tayari.

Desemba kanuni ya kawaida inataka klabu zimwachie mchezaji kuanzia Jumatatu ya wiki inayotangulia wiki ya ufunguzi, yaani tarehe 8. Hapo angalau kuna wiki mbili. Wa ligi ya ndani wanaweza kuingia kambini mapema kama ligi itasimama, lakini hapo unaishia kufundisha nusu ya timu, halafu mapro wanaocheza nje wakija unarudia.

Dada_Kibirizi (Kigoma)

Kaka MwishoWaReli, mimi nijibu la kofia mbili, maana watu wanalitazama upande usio na shida.

Kugongana kwa mechi siyo tatizo kubwa. Singida wana hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho wikiendi ya 21 hadi 23 Novemba na tena 28 hadi 30, mara tu dirisha la FIFA likifungwa. Ratiba imepishana, ingawa kocha mwenyewe hapati pumzi. Tatizo liko katika kazi isiyoonekana. Kati ya dirisha na dirisha, kocha wa taifa anatakiwa kuangalia wachezaji: nani anacheza namba gani klabuni, dakika ngapi, amepunguza kasi au la, na kuongea na madaktari wa klabu. Anayeandaa mechi ya Shirikisho hana wikiendi ya kufanya hivyo. Dawa yake ni mchambuzi wa video na msaidizi mmoja wasio na kazi klabuni, ambao kila wiki wanaandaa faili la kila mchezaji: mechi tano za mwisho, dakika alizocheza, nafasi aliyocheza, majeraha. Kwa hiyo likitangazwa benchi, msiishie kwenye jina la kocha mkuu. Angalieni nani ni mchambuzi, nani kocha wa makipa, nani wa viungo.

Jambo la pili halisemwi kabisa. Kocha wa klabu anayefundisha taifa anapata taarifa za kitabibu za wachezaji wa wapinzani wake wa ligi. Anajua goti la beki wa Simba lina nini na winga wa Yanga atakuwa nje kwa muda gani. Siyo lazima azitumie vibaya, lakini klabu zinaogopa, na klabu ikiogopa inaficha taarifa. Njia ya kulikata hilo ni daktari wa timu ya taifa kushika mafaili yeye, na kumwambia kocha neno moja tu kwa kila mchezaji: yupo, hayupo, au dakika 30.

Kuhusu uteuzi wa kikosi, msihesabu wachezaji wangapi wametoka Singida. Idadi haithibitishi upendeleo. Angalia kama mtu ameitwa kwenye namba anayocheza kila wiki, au ameitwa akajazwe mahali.

Na kwa nini kaimu? Hesabu ya pesa. Kanuni za FIFA zina kiambatisho kinachowalinda makocha: ukivunja mkataba bila sababu ya haki, unalipa thamani iliyobaki, ikipunguzwa na kile atakachopata kwenye kazi mpya ndani ya kipindi hicho. Ukimpa mtu miaka miwili, akapoteza mechi zote za makundi na ukamfukuza, unalipa. Ukimpa ukaimu mpaka mwisho wa mashindano, hulipi kitu. Ni uamuzi wa mhasibu, na mimi siupingi.

Isevya_Mjini (Tabora)

Sisi wa Tabora Gamondi hatuhadithiwi. Novemba 7, 2024 Tabora United iliifunga Yanga yake 3-1 pale Azam Complex, siku tano baada ya Azam kuwafunga 1-0, na wiki moja baadaye akaagwa. Ni kweli Bacca, beki wa kati wa Yanga, alikuwa na kadi nyekundu ya mechi ya Azam. Lakini udhaifu wa mfumo uko palepale, na ndio wa kuuangalia Desemba.

Anapenda 4-2-3-1: mabeki wanne, viungo wakabaji wawili, washambuliaji watatu nyuma ya mmoja wa mbele. Mabeki wa pembeni wanapanda, mstari wa nyuma unasogea juu, mpira ukipotea wanakaba hapohapo. Ikifanya kazi, mpinzani hatoki kwake. Ikivunjwa kwa pasi moja, nyuma ya beki wa pembeni kuna uwanja mtupu. Kwa Yanga kwenye ligi yetu hilo lilikuwa linavumilika kwa sababu walimiliki mpira muda mwingi. Dhidi ya Nigeria yenye Lookman na Osimhen halivumiliki. Akiwa na akili, na ninaamini anayo, atashusha mstari na kucheza wachezaji kumi nyuma ya mpira.

Mkiwa bandani angalieni hivi. Chukua duara la kati, nusu kipenyo chake ni mita 9.15, ndiyo rula yako. Tukishambulia, mabeki wetu wa kati wako wapi? Wakiwa kwenye ukingo wa duara upande wetu, sawa. Wakibaki karibu na boksi letu huku mshambuliaji wetu yuko boksi la wenzao, timu imekatika katikati, na hapo viungo wawili wanakimbia mpaka wanakufa dakika ya 60. Kutoka mtu wa mwisho hadi mshambuliaji kusizidi mita 35 au 40.

Halafu kona za wapinzani. Hesabu wanaosimama kwenye boksi dogo la mbele ya goli wakilinda nafasi na wanaomshika mtu. Timu fupi ikikaba mtu kwa mtu dhidi ya watu warefu inafungwa kichwa. Bora watano walinde nafasi, watatu wawazuie wale warefu wasiruke kwa kukimbia.

Dakika tano baada ya goli, liwe letu au lao. Hapo ndipo timu yetu huangukia. Misri 2019 tuliongoza mara mbili dhidi ya Kenya na tukafungwa 3-2. Sawazisho la kwanza tulilijibu dakika moja baadaye. La pili lilituvuruga kabisa.

Mabadiliko nayo. Anaruhusiwa kubadilisha wachezaji watano kwa kusimamisha mchezo mara tatu tu, na mapumziko hayahesabiwi. Kocha anayesubiri dakika ya 80 ndipo atumie ya kwanza kati ya hizo tatu ametupa hazina.

Mwisho, goli. Mechi tatu za mwisho za kufuzu Kombe la Dunia tulipata moja: 1-1 na Congo, 0-1 na Niger, 0-1 na Zambia. Krosi ikipigwa hesabu jezi zetu ndani ya boksi. Zinatakiwa tatu, mlingoti wa karibu, mlingoti wa mbali na kwenye nukta ya penalti, na mmoja nje akisubiri mpira unaorudi. Tukiwa na moja, hata aje nani hafungi.

Mgebuka (Ujiji)

Kwa hiyo tukifungwa 3-0 mistari ikiwa imenyooka, tupige makofi?

Isevya_Mjini

Bwana mdogo, ukifungwa 3-0 mistari haikunyooka.

Nyuki_Kanyenye, Desemba 2025

Mabadiliko ya hesabu: FIFA imesogeza tarehe ya klabu kuachia wachezaji kwa AFCON hadi 15 Desemba. Mapro wanafika siku nane kabla ya Nigeria. Toa safari, toa siku ya kurejesha miguu, toa siku ya kuhamia mji wa mechi. Mazoezi mazito na kikosi kizima ni matatu. Kwa wenye mabanda: Morocco iko nyuma yetu saa mbili, mechi ya saa 12:30 jioni kwao ni saa 2:30 usiku kwetu.

MwishoWaReli, Januari 2026

Naufufua uzi tuhakiki.

Nigeria walitufunga 2-1. Ajayi kwa kichwa dakika ya 36, M'Mombwa akasawazisha ya 50, Lookman akafunga ya 52. Dakika mbili tu, sawasawa na alivyosema Isevya. Uganda 1-1: penalti ya Msuva dakika ya 59, Ikpeazu akasawazisha ya 80, na Okello akakosa penalti mwishoni. Tunisia 1-1: wao kwa penalti ya Gharbi dakika ya 43, Feisal akajibu ya 48. Pointi mbili, na kwa mara ya kwanza tumevuka makundi. Kisha Morocco wakatutoa kwa 1-0, goli la Brahim Díaz dakika ya 64.

Sasa kijiweni watu wanasema Gamondi ametuvusha. Lakini kwenye AFCON ya Januari 2024 Hemed aliikuta timu imeshafungwa 3-0 na Morocco, akatoka sare na Zambia na DR Congo. Pointi mbili zilezile, tukashika mkia. Tofauti iko wapi?

Dada_Kibirizi

Tofauti ni magoli ya kufunga, kaka. Safari hii sisi na Angola tulilingana pointi mbili, wote tofauti ya magoli hasi moja. Sisi tumefunga matatu, wao mawili. Tukapita. Mwaka 2024 tulifunga moja tu katika mechi tatu. Kwenye mfumo wa timu 24, ambako washindwa bora wanne wa nafasi ya tatu wanavuka, sare ya 1-1 ni mali kuliko ya 0-0. Hilo halimfanyi Gamondi kuwa bora kuliko Hemed. Ila kama alilijua akawaambia wachezaji waendelee kutafuta goli hata wakiwa nyuma, amefanya kazi.

Isevya_Mjini

Naongeza moja. Magoli yetu mawili kati ya matatu yalikuja ndani ya dakika tano za kwanza za kipindi cha pili, M'Mombwa 50 na Feisal 48. Hiyo ni kazi ya chumba cha kubadilishia nguo. Kwa upande mwingine, Ajayi ni kichwa na Ikpeazu ni kichwa. Mipira ya juu bado ni shida, na hiyo ni ya kocha yeyote atakayekaa pale.

MwishoWaReli

Na wakimpa mkataba wa kudumu, au wakileta mwingine, kipimo kinachofuata ni lini?

Nyuki_Kanyenye

Kipimo kikubwa ni Septemba. Kuanzia 2026 FIFA imeunganisha madirisha ya Septemba na Oktoba kuwa moja: 21 Septemba hadi 6 Oktoba, siku 16, mechi hadi nne. Hapo kocha wa taifa anapata wiki ya pili mfululizo na watu walewale, kwa hiyo mazoezi mazito ni matano au sita. Mechi ya kwanza na ya pili mtaona kilekile cha zamani. Angalia ya tatu: kikosi kikibadilika wachezaji wanne au watano na mistari ikabaki palepale, kuna mtu anafundisha. Wakirudi walewale kumi na moja huku miguu imekufa, mjue benchi halina kocha wa mazoezi ya mwili.

Mgebuka

Nimenukuu. Na kona je?

Nyuki_Kanyenye

Kona hesabu kuanzia ya kwanza. Hizo hazina kisingizio cha muda, zinafundishwa dakika 20 kwa siku.