Soriasisi na mbegu chache: ni kinga ileile?

Seremala_Korogwe:
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 36, fundi seremala. Soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa magamba, ilinianza 2014 kwenye viwiko, ikapanda kichwani. Nikivaa shati jeusi, mabega yanakuwa kama nimemwagiwa unga. Mwaka juzi msumari ulinichana mkono, mchano mrefu mwembamba. Kidonda kilipopona, magamba yakaota juu ya mchano uleule, yamenyooka kama yamepigwa rula. Daktari wa ngozi akanieleza kuwa kinga yangu ya mwili inapigana na ngozi yangu mwenyewe.

Sasa nina miaka mitatu na nusu kwenye ndoa, mtoto hakuna. Mke wangu kapimwa homoni, kapimwa mirija, yuko sawa. Mimi nimepima mwezi uliopita: mbegu milioni 4 kwa mililita. Mjomba anasema huu ni mkono wa mtu, nitafutiwe mganga. Mama anamkalia mke wangu kimya, na majibu yangu ninayo kwenye pochi, sijamwonyesha mtu hata mmoja. Naomba kujua: kinga iliyogeukia ngozi inaweza kuwa imegeukia na mbegu?

Hadubini:
Pole sana kaka. Niko maabara, shahawa ni kazi yangu ya kila wiki.

Kinga kushambulia mbegu ni jambo la kweli. Mbegu huanza kutengenezwa wakati wa balehe, na kufikia hapo kinga ilishajifunza kitambo nani wa nyumbani na nani mgeni. Ndiyo maana zinakaa nyuma ya ukuta ndani ya korodani. Ukuta huo ukitoboka, kwa kupigwa teke, korodani kujisokota, operesheni au kufunga uzazi, kinga inaziona ni wageni na kutengeneza kingamwili, yaani protini za kuwanasa wageni, dhidi yake. Kwenye hadubini nazikuta zimeshikana vichwa kwa vichwa, mikia kwa mikia, zinatikisika palepale. Kipimo chake tunachanganya na vishanga vidogo sana: nusu au zaidi ya zile zinazotembea zikinaswa na vishanga, hapo tunazilaumu kingamwili.

Lakini angalia, kingamwili hizo zinaharibu mwendo zaidi kuliko idadi. Shida yako ni idadi. Na soriasisi ni kikosi kingine: chembe nyeupe aina ya T zinaichochea ngozi, seli zilizopaswa kupanda juu kwa karibu mwezi zinapanda kwa siku chache, ndiyo hayo magamba.

Kipimo kimoja hakitoshi. Rudia, ukae siku 2 hadi 7 bila tendo, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, uiweke karibu na mwili isipoe. Kiwango cha chini tunachofuata ni milioni 16. Halafu nijibu hili: unatumia dawa gani?

Seremala_Korogwe:
Za kupaka, na vidonge vya viungo. Vidole vilikuwa vinavimba, asubuhi nashindwa kushika randa. Boksi limeandikwa sulfasalazini. Nilianza miezi michache baada ya harusi. Mkojo unatoka rangi ya chungwa.

Hadubini:
Basi anzia hapo. Dawa hiyo inajulikana tangu 1979 kwamba hupunguza mbegu na kuzilegeza mwendo, na mara nyingi hali hurudi ikiachwa. Mbegu moja huchukua siku kama 74 kutengenezwa, kwa hiyo mabadiliko hayaonekani kabla ya miezi miwili, mitatu. Usiache mwenyewe. Viungo vikiharibika havirudi.

MamaNuru:
Kaka, mume wangu aliitumia kwa ugonjwa wa utumbo mpana. Miaka miwili tulihangaika, mimi ndiye niliyenyweshwa mizizi, mimi ndiye niliyeitwa mgumba kwenye kikao cha ukoo. Hospitali tuliyokuwa tunatibiwa, hakuna aliyetuuliza kama tunatafuta mtoto. Daktari mwingine akaona jina la dawa, akambadilishia mesalazini. Mwezi wa nne tangu abadilishiwe alipima tena, kutoka milioni 3 ikawa 21. Mimba ilichukua mwaka mwingine.

Wewe dawa utakayobadilishiwa, kwa kuwa ni ya viungo, itakuwa tofauti na yake. Ukitajiwa methotreksati, dawa nyingine ya viungo, sema mapema kwamba mnatafuta mtoto, maana karatasi yake humtaka mwanaume asubiri miezi mitatu baada ya kuiacha. Na tafadhali, mwonyeshe mkeo hayo majibu. Unavyoyaficha, yeye ndiye anayebeba.

Seremala_Korogwe:
Nimempa jana usiku. Kaisoma mara mbili, akaikunja, akaniuliza nimeibeba tangu lini. Asubuhi nimempigia mama mwenyewe, nikamwambia ni mimi ninayetibiwa. Kliniki ni Alhamisi, mke wangu anakuja, na boksi la vidonge tunalo kwenye mkoba wake.